Nikaboka na soksi ndefu za kuendeshea baiskeli kwenye baridi: kupima, kuchagua na kushonesha

Nikaboka ni suruali inayoishia chini kidogo ya goti na kufungwa hapo kwa kifungo, bizimu au lastiki. Kuanzia hapo kwenda chini, kazi yote ni ya soksi. Usiichanganye na pedo. Pedo huishia katikati ya shavu la mguu na chini huachwa wazi, kwa hiyo upepo huingia na kupanda mpaka pajani. Nikaboka imezibwa.

Waendesha baiskeli wa Uingereza walishaizoea tangu karne ya 19. Cyclists' Touring Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1878, kilikuwa na sare ya koti na nikaboka za sufu. Mwanzoni ilikuwa ya kijani iliyokolea, baadaye ikawa ya kijivu kwa sababu kijani kilionyesha uchafu wa barabarani. Sababu za kuivaa hazijabadilika. Hakuna pindo la kunaswa na cheni. Goti, ambalo halina nyama wala mafuta ya kulikinga, linafunikwa muda wote. Joto nalo unalipunguza bila kuvua kitu: unashusha soksi mpaka kwenye kifundo, na ukifika kwenye mteremko unazipandisha.

Upepo usiudharau. Hewa ikiwa nyuzi 5 na wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 1. Kwa walio Ulaya au Kanada hiyo ni asubuhi ya kawaida ya Novemba. Kwa aliye Makete, Njombe au Kinangop ni alfajiri mbaya ya Julai, na mwongozo huu unamfaa vilevile, hasa sehemu ya mtumba huko chini.

Anza na soksi

Wengi huanza na suruali kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Ni kosa, tena la gharama. Ukanda wa nikaboka hufungwa juu ya soksi, kwa hiyo unene wa soksi ndio unaoamua ukanda uwe na mzingo gani. Ukijaribu suruali ukiwa na soksi za ofisini, siku ya baridi utavaa zile nene na kifungo hakitafika kwenye tundu lake.

Chukua futikamba, kaa kwenye kiti, goti likunjwe pembe mraba, unyayo mtupu sakafuni. Pima:

1. Kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo ulio nyuma ya goti. Toa sentimita 3. Ukipata 43, unatafuta soksi ya sentimita 40 kutoka kisigino hadi juu.
2. Mzingo wa shavu la mguu pale palipo pana zaidi.
3. Mzingo wa mguu kwenye kibonde kilicho kati ya pia ya goti na shavu. Hapo ndipo ukanda unapokaa. Kwa kawaida ni chini ya kipimo cha shavu kwa sentimita 3 au 4.
4. Mzingo wa goti lenyewe likiwa limekunjwa.

Andika namba hizo mahali, kwa sababu utazihitaji tena kwa fundi.

Sasa soma lebo ya soksi. Mchanganyiko unaodumu ni sufu asilimia 65 hadi 80, nailoni asilimia 20 hadi 30, na elastani (uzi unaovutika) kidogo, asilimia 1 hadi 3. Sufu tupu hupendeza dukani lakini hutoboka kisiginoni haraka, maana kiatu husugua kila unapozungusha pedeli. Nailoni ndiyo inayozuia hilo. Merino, sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, haiwashi. Sufu ya kawaida huwasha mwanzoni na hulainika baada ya kufuliwa mara kadhaa, na bei yake huwa chini.

Pamba iache kabisa, hata kama soksi ni nene kama blanketi. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na maji yaliyo kwenye kitambaa huvuta joto la mguu. Sufu hunyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa kabisa bado ina hewa kati ya nyuzi zake.

Soksi za mpira wa miguu zina urefu unaotakiwa na ni rahisi kupatikana. Kwenye nyuzi 10 na barabara kavu hazina ubaya. Mvua ikinyesha, au baridi ikishuka zaidi, zinakuwa kama umefunga mfuko wa nailoni mguuni. Soksi za kubana za wakimbiaji nazo si za kazi hii, kwa kuwa ukizifungia ukanda juu yake unabana mara mbili mahali pamoja.

Geuza soksi ndani nje uangalie mambo mawili. La kwanza ni kisigino: kiwe kimefumwa kwa mkunjo, kina mfuko wake, si bomba lililonyooka tangu vidoleni mpaka juu. Soksi ya bomba huzunguka mguuni na kushuka. La pili ni shavu: liwe limefumwa kwa mbavu, ile mistari inayosimama wima, kwa sababu mbavu hupanuka na kurudi. Ukiendesha, shavu la mguu hunenepa na kupungua kila mzunguko wa pedeli, zaidi ya mara elfu nne kwa saa kwa mwendo wa kawaida. Soksi isiyo na mbavu itakuwa kifundoni kabla ya kilomita ya kumi.

Vaa zote mbili, chuchumaa na kusimama mara 10. Zikishuka chini ya sentimita 2, ni nzuri. Zikishuka zaidi, punguza saizi moja kwanza kabla ya kufikiria lastiki, kwani mara nyingi kisigino cha soksi ni kikubwa kuliko chako na ndicho kinachovuta soksi nzima chini.

Lastiki za soksi ni kitu cha kujitengenezea. Kata mkanda wa lastiki wenye upana wa sentimita 2.5, urefu uwe kipimo namba 3 ukitoa sentimita 2, ushone velkro kwenye ncha. Unauvaa juu ya soksi, kisha unakunja sehemu ya juu ya soksi kuufunika. Usitumie lastiki nyembamba. Ile ya milimita 5 hukata damu na kuacha alama nyekundu mpaka jioni.

Kuhusu viatu: vaa soksi nene ukiwa na viatu vyako vya baiskeli na ujaribu kuchezesha vidole. Vikishindwa kucheza, utapata baridi zaidi kwa soksi nene kuliko kwa nyembamba, kwa sababu kiatu kilichobana huzuia damu kufika vidoleni. Ongeza nusu saizi ya kiatu au rudi kwenye soksi ya unene wa kati.

Rangi ni ya kwako, ila soksi nyekundu au njano zinazopanda na kushuka huonwa na dereva mapema kuliko koti lililotulia. Ukiongeza kamba ya rifleta kwenye kila kifundo, usiku mwendo huo humwambia kwamba mbele yake kuna mtu.

Kitambaa

Twidi ndiyo ya asili: sufu nzito, ngumu kidogo, inayokataa upepo na kumwaga manyunyu. Kwa baiskeli tafuta yenye gramu 280 hadi 350 kwa mita ya mraba. Nzito kuliko hapo ni ya kuwindia, utatota jasho kwenye mlima wa kwanza. Gabadini ya sufu ni nyepesi na laini zaidi, husugua kidogo kwenye siti, na kwa mtu anayeendesha kila siku kwenda kazini ni chaguo bora kuliko twidi, ingawa haina sura ile ya picha za zamani.

Kodrai huuzwa sana kama nikaboka, na wauzaji huisifia joto. Ni pamba. Ina joto ikiwa kavu. Ikilowa hukaa na maji siku nzima, na mistari yake hulala na kung'aa makalioni kabla msimu haujaisha. Iwekee siku kavu.

Lebo ikiwa imetoka, chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani uziwashe juu ya sahani. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Ukipata harufu ya nywele pamoja na punje, ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye sufu nyingi si mbaya hata kidogo, hudumu zaidi.

Mkato wa suruali

Waingereza huzitaja kwa inchi ambazo kitambaa kinazidi goti. Kwenye maduka utakuta plus twos, zinazozidi inchi 2 yaani sentimita 5, na plus fours, zinazozidi inchi 4 yaani sentimita 10 na kuning'inia kama mfuko. Kwa baiskeli chukua za inchi 2. Zile za inchi 4 hupendeza kwenye gofu, lakini barabarani hushika upepo na kupiga fremu kila mzunguko.

Msamba ndiyo sehemu inayoharibu safari nyingi. Suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana pale pale unapokalia siti. Nikaboka nzuri ya baiskeli ina kipande cha umbo la almasi kilichoshonewa msambani, ili mishono isogee pembeni. Kama hakipo, pitisha kidole gumba kwenye makutano hayo: ukihisi fundo nene kama punje ya mahindi, baada ya saa moja utalihisi bila kidole. Msamba usining'inie pia. Ukishuka chini sana, pua ya siti hunasa kitambaa unaposimama kwenye pedeli na kukaa tena.

Kiuno kiwe juu zaidi nyuma kuliko mbele, tofauti ya sentimita 5 hadi 7. Ukiinama kwenye usukani mgongo hurefuka, na suruali ya kiuno cha chini huacha mwanya ambao upepo huupata mara moja. Kwa wanawake, nyingi za zamani zimekatwa kwa umbo la mwanamume, kwa hiyo nunua kwa kipimo cha nyonga na mpe fundi apunguze kiuno. Ukinunua kwa kiuno, hakuna fundi atakayeongeza nyonga.

Kisha ukanda wa chini ya goti. Uingize kidole kimoja kikitoka kwa urahisi, viwili kwa shida. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, papasa utapata kinundu cha mfupa. Chini yake tu kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaozunguka mfupa ukiwa karibu sana na ngozi. Bizimu la chuma likikandamiza hapo, utaanza kuhisi sisimizi kwenye ugoko na juu ya unyayo, na watu hudhani ni baridi. Legeza. Ni afadhali kifungo bapa kuliko bizimu, na kama ni bizimu, likae mbele ya kinundu kwa upana wa vidole viwili.

Ukiwa dukani, usijitazame kwenye kioo kwanza. Kaa, pandisha goti kuelekea kifuani, shusha, rudia mara 10 kila mguu. Kisha angalia ukanda. Umebaki kwenye kibonde? Nunua. Umepanda na kukaa juu ya pia ya goti? Iache, hata kama bei ni nzuri. Ukanda haupandi kwa sababu umelegea. Unapanda kwa sababu kitambaa cha juu ni kifupi, kwa hiyo goti likijikunja huvuta kila kitu kuelekea kwake. Ukijaribu kuukaza zaidi, mvutano unahamia msambani na gotini, na mshono wa makalio ndio utakaofumuka.

Kushonesha kutoka suruali ya mtumba

Nikaboka mpya ya twidi ni ghali, na Afrika Mashariki haipatikani kirahisi. Suruali ya suti ya sufu ipo kwenye kila soko la mitumba, kwa sababu wateja wengi huzikwepa: ni nzito na hazina mtindo. Zile za zamani zenye marinda kiunoni na miguu mipana ndizo hasa unazotaka. Fundi cherehani yeyote mzuri anaiweza kazi hii ukimpa maelezo.

1. Chagua suruali ambayo mzingo wa mguu, sentimita 12 chini ya goti, ni angalau 46. Ikiwa chini ya 44, haitakunjika juu ya goti lako. Iangalie kwenye mwanga, hasa makalioni. Kitambaa kinachopitisha mwanga kimekwisha.

2. Ifue kabla ya kukata. Ikirudi, irudi sasa.

3. Ivae, simama wima, weka alama ya chaki chini ya pia ya goti. Shuka sentimita 12 na ukate hapo. Ndani ya hizo 12, moja na nusu ni ya kushonea, tano hivi zinashuka hadi ukanda ulipo, na zilizobaki ndizo goti litakazozichukua likijikunja. Mafundi wengi watataka kukata juu zaidi ili ionekane nadhifu ukiwa umesimama. Mkatalie kwa upole.

4. Fumua mshono wa nje kwenda juu sentimita 8, upige pindo pande zote mbili. Huo ndio mpasuo.

5. Kwenye vipande vilivyokatwa, toa kanda mbili zenye upana wa sentimita 11. Zikikunjwa mara mbili na kushonwa zinabaki 4. Urefu: kipimo namba 3 ukiwa umevaa soksi nene, ongeza 2 za kupumua, 4 za kupishana kwenye kifungo na 3 za mishono. Mguu wa sentimita 35 unahitaji ukanda wa 44.

6. Mguu wa suruali utakuwa mpana kuliko ukanda. Ikiwa mguu ni 50 na ukanda uliokwisha kushonwa ni 41, zinazidi 9: kunja marinda matatu ya sentimita 3. Yote yawe nyuma na upande wa nje. Rinda la upande wa ndani husugua fremu na goti la pili.

7. Shona kifungo bapa, halafu cha pili sentimita 2 pembeni yake. Kimoja ni cha soksi nyembamba, kingine ni cha soksi nene.

8. Kitambaa kilichobaki kifanye kiraka cha ndani cha makalio, umbo la yai. Kingo zipigwe zigizagi tu, zisikunjwe, na kiraka kishikizwe kwa mkono. Pindo lililokunjwa pale chini hukata ngozi vibaya kuliko fundo la mishono.

Kama unatumia bukta yenye sponji, ivae ndani wakati wa kupima kila kitu, vinginevyo kiuno kitakubana.

Baridi ikizidi, mvua ikija

Kati ya nyuzi 15 na 10 gabadini na soksi nyembamba ya sufu zinatosha. Kutoka 10 hadi 3 ndipo twidi inapokuwa raha tupu. Kati ya 3 na -5, ongeza ndani suruali nyembamba ya sufu iliyokatwa juu ya ukanda, isipite chini yake, na soksi nene. Chini ya -5 rudi kwenye suruali ndefu ya kuzuia upepo. Nikaboka ina mwisho wake, na ugoko uliofunikwa kwa soksi peke yake hauna kinga ya upepo wa namna hiyo.

Kwenye mvua, ukanda uwe juu ya soksi siku zote, usichomeke suruali ndani ya soksi. Ukichomeka, maji yanayotiririka pajani huingia moja kwa moja kwenye soksi mpaka kiatuni. Koti la mvua la mtindo wa kepu, lile linalotandazwa juu ya usukani, hufunika mapaja na magoti. Ugoko utalowa, lakini ni sufu. Maji mengi ya kwenye ugoko hata hivyo hayatoki juu, yanarushwa na gurudumu la mbele. Madigadi lenye kipande cha raba kinachoshuka hadi karibu na ardhi litakusaidia kuliko soksi ya bei mara mbili.

Kufua

Soksi zifuliwe zikiwa zimegeuzwa, maji yasizidi nyuzi 30, kwa sabuni ya sufu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula hula sufu pia, kwa kuwa vyote ni protini. Usisugue wala kukamua kwa kupotoa, maana sufu hurudi kwa sababu ya joto na msuguano vikikutana. Ikunje ndani ya taulo, kanyaga, kisha itandaze bapa kivulini. Kuianika juu ya hita kunaua elastani, na soksi iliyokufa elastani haisimami tena hata uifunge kwa kamba. Mahali wanapomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, suuza alama nyeupe jioni ileile kabla hazijakauka.

Twidi haihitaji kufuliwa kila wiki. Iache tope likauke, ipige brashi, itundike kwenye hewa. Kabla ya kuihifadhi kwa miezi ya joto ndipo uifue, kwa sababu nondo hutaga mayai kwenye jasho na mafuta ya mwili, na mabuu yake huanza kula pale pale makalioni. Itie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kama ina matundu tayari, mfuko huo ukae kwenye friza siku nne au tano kwanza, kisha itundike ikauke vizuri kabla ya kuirudisha kabatini.